Kule Kasapa watoto wetu wanakula nini?



Kila mwaka masomo ya chuo kikuu yakifunguliwa, katika nyumba zetu za Likasi tunapiga hesabu: minervali, chumba, silabusi, safari, na nguo moja nzuri ya kusimama mbele ya waalimu. Chakula tunakiandika mwisho, na mara nyingi hatuandiki hata hesabu. Tunasema tu: «Atajipanga.» Basi siku ya posho iliyopita, sisi wamama sita wa kikundi, wanne kati yetu wakiwa na watoto Lubumbashi, tulikwenda Kasapa kuona namna wanavyojipanga. Hatukwenda kuona madarasa. Tulitaka kuona fasi wanaponunua unga, chumvi, makala na sabuni, na fasi wanapochota maji.

Safari yenyewe hatutaisimulia sana, wengi mnaijua. Ni kilomita zapata 120 za lami, peaji, na malori ya madini ambayo hayana haraka na hayataki kupitwa. Tulitoka giza likiwa bado, tukashuka mjini jua likiwa limepanda, tukaingia katika taksibisi ya Kasapa tukiwa na mizigo yetu magotini: unga, karanga za kutwanga, ndakala, na kibwabwa kikavu ambacho mama mmoja alikifunga katika gazeti. Vijana waliokuwa ndani ya gari walitutazama wakacheka kidogo. Walijua tunakwenda wapi.

Chuo kikuu cha Lubumbashi kilianza kufundisha mwaka 1956, wakati mji uliitwa Elisabethville. Mwaka 1971 kiliingizwa katika chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na mwaka 1981 kikawa UNILU tunayoijua. Kampusi ya Kasapa ilijengwa mbali na katikati ya mji, kama desturi ya zamani: mwanafunzi akae peke yake na vitabu vyake, apewe kitanda, apewe sahani. Wazee waliosoma pale miaka ya 1970 wanasimulia habari za restora ya chuo na za burse, na wakisimulia wanakuwa tena vijana. Mtu alikuwa anakuja na sanduku ya nguo tu. Leo restora ile ni hadithi, lakini umbali haukupungua. Soko kubwa bado liko mjini, na mwanafunzi bado yuko Kasapa. Kati ya hao wawili wamesimama wamama wauzaji, na ndio tuliokwenda kuwatafuta.

Tuliwakuta kando ya barabara na ndani ya kartie ya Gambela, fasi ambapo wanafunzi wengi wanapanga vyumba katika parsele za watu. Asubui vibanda ni vichache: mwenye kabini ya kutoa feza za simu, mwenye mikate, mama wa vitumbula na beseni lake, kijana wa kufotokopi. Usifikiri umeona soko. Soko la wanafunzi linazaliwa mangaribi, wakitoka kusoma. Saa kumi na moja hivi mama mmoja anatandika kiroba chini, anapanga nyanya tatu tatu, vitunguu viwili viwili. Mwingine anakuja na tomsoni iliyokatwa vipande, mwingine na shu ya kishinwa na lengalenga. Mbele giza haijaingia vizuri, barabara nzima ni meza ya chakula, na taa za simu zinawaka juu ya nyanya.

Kila kitu kinauzwa kidogo. Hapo ndipo tulipokaa sana, na hapo ndipo tunaomba mtusikilize. Mafuta yanapimwa katika kifuko cha plastiki kidogo kama kidole gumba. Sukari vilevile. Sabuni inakatwa. Kuna maziwa ya unga ya kijiko kimoja, kuna nyanya ya kopo iliyofunguliwa na kuuzwa kwa kijiko. Unga, ambao sisi nyumbani tunaupima kwa meka au tunaununua kwa mfuko, pale unauzwa kwa kopo. Noti ya franka 500 ndiyo mfalme wa soko lile. Mtoto hasemi «nipe mafuta ya robo lita». Anasema «mafuta ya mia tano, makala ya mia tano», na mama anajua.

Sisi tuliosomea ualimu tunapenda kupiga hesabu, basi tulipiga. Anayenunua unga kwa kopo analipa kilo moja bei kubwa kuliko mwenye mfuko, na tofauti ile, mwezi ukiisha, ingetosha mafuta na chumvi. Mama mmoja wetu alikasirika palepale. Alimwita binti yake pembeni, akamwambia: «Mwanangu, nakutumia feza, na wewe unatupa nusu yake njiani! Juu ya nini haununue mufuko?»

Binti alikaa kimya kidogo. Kisha alijibu kwa heshima, na jibu lake lilitufundisha kuliko hesabu yetu:

«Mama, mufuko mukiweka mu chumba, haiko mufuko yangu tena. Tuko bane, na wengine wawili banalalaka palepale. Ntakula namna gani na bo banaangaria?»

Hao wawili ndio wanaoitwa makizari, wanafunzi wasio na kitanda, wanaojificha katika chumba cha wenzao. Hawana kosa kubwa, hawana fasi tu. Lakini wana tumbo. Mfuko wa kilo 25, kwa mabinti wawili wanaopika gramu 800 kwa siku, unafika siku 31. Kwa watu sita haufiki siku kumi na moja. Na mtoto tuliyemfundisha sisi wenyewe kutokula peke yake hawezi kufunga mfuko kwa kufuli. Kununua kwa kopo, wamama, si ujinga. Ni njia ya kula bila kumnyima mwenzako usoni, kwa sababu kopo moja linapikwa na kuisha, na hakuna wa kuuliza kilichobaki. Tena feza zenyewe hatuzitumi mara moja. Tunatuma kidogo leo, kidogo juma lijalo, na kila mara mwenye kabini anakata chake. Nani atanunua mfuko kwa feza zinazokuja vipande vipande?

Mama yule hakusema neno lingine. Alimpa binti ndakala.

Jambo la pili ni moto. Katika homu, ndivyo wanavyoita majumba ya kulala ya kampusi, na katika vyumba vya parsele, umeme unakuja na kwenda. Ukiwapo, resho inapika bila feza ya makala. Ndiyo maana wanafunzi wengine wanakula saa tano ya usiku, na wengine wanaamka saa tisa kupika, halafu wanalala tena mbele ya kwenda kusoma. Umeme usipokuwapo ni mbabula, na mbabula inataka makala, na makala ya kifuko kidogo hayafiki mbali. Tuliuliza kama wanakula maharagi. Walicheka. Maharagi yanataka saa mbili za moto. Makala yake yanapita bei ya maharagi yenyewe. Kwa hiyo chakula kizuri na cha bei ndogo ambacho sisi tunakisifu katika mikutano yetu hakipikwi Kasapa, na sababu si uvivu. Wanapika bukari na mboga inayoiva upesi, au yai, au kipande cha tomsoni. Siku ya feza kidogo ni muhogo na karanga na maji, na siku ya feza kidogo zaidi ni vitumbula viwili saa nne, basi mpaka kesho.

Wauza makala walituambia kwamba mvua ikianza bei inapanda, kwa sababu baiskeli zinazotoka porini zinakwama katika matope. Na pori lenyewe linazidi kwenda mbali; kila mtu wa Lubumbashi ameona miti ilivyokatwa pande zote za mji. Kumbe mwanafunzi wa Kasapa anayetafuta makala ya franka 500 ameshikana na mkata miti wa mbali sana, na hawajuani.

Vivyo hivyo kwa unga. Unga mwingi wa Katanga yetu unapita Kasumbalesa. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mkubwa, mavuno ya mahindi yakaanguka karibu nusu, na serikali yao ilitangaza msiba wa taifa mwezi wa pili. Mwezi wa nane mwaka ule ule mpaka ulifungwa siku chache juu ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Sisi Likasi tuliona bei, tukapunguza bukari, tukachanganya na unga wa muhogo. Lakini mama aliyepunguza nyumbani kwake anaona watoto mbele yake, anajua nani amekula. Aliye na mtoto mbali anasikia tu sauti ya simu: «Niko salama, mama.» Watoto wetu wamezoea kusema wako salama.

Maji tuliyaona asubui. Kwenye foraje moja ya kartie kulikuwa na bidon za njano zimepangwa kama wanafunzi wa primeri, kila moja na alama yake: kamba nyekundu, jina la msumari, kitambaa. Wenyewe walikuwa wamelala au wamekwenda kusoma. Bidon ndiyo inayosimama katika mstari. Lita 20 za maji juu ya kichwa, kupanda ngazi za homu, si mchezo. Kuna pia visima vifupi katika parsele, na wengine wanakunywa maji yake bila kuchemsha, kwa sababu kuchemsha ni makala tena. Tuliwaambia juu ya kolera, tukawaachia dawa ya kutia katika maji. Tunaomba kila mama afanye hivyo. Chupa ndogo ya dawa ile ni nyepesi kuliko kilo moja ya unga, na inalinda miezi.

Sasa tuseme lile ambalo lilitutoa Likasi, ingawa katika mkutano hatukulitaja kwa jina lake.

Kulikuwa na mama muuza unga na mafuta, mtu wa miaka yapata 50, naye ana mtoto anayesoma palepale. Ana kaye ya madeni. Hakutuonyesha majina, na alifanya vizuri, lakini alitufungulia tuone mistari. Kurasa na kurasa: unga, unga, sabuni, unga, mafuta, vitambaa vya mwezi, unga. Tulimuuliza kama wanalipa. Alisema wengi wanalipa, wakichelewa wanapita njia nyingine miezi miwili, kisha wanarudi na haya, wanalipa yote. Tulimuuliza anajuaje nani wa kukopesha. Alituangalia, akasema hivi, nasi tunaandika kama alivyosema:

«Bakijana naweza kuwakatalia. Bana wanamuke siwakataliake. Juu nikimukatalia mie, kuko mutu pale nyuma mwenye hatamukatalia.»

Alionyesha kwa kidevu magari yaliyosimama ng'ambo ya barabara.

Hatukuhitaji maelezo. Kila mama anajua mtu wa namna ile: ana gari, ana umri wa baba, ananunua kuku na soda kwa mabinti wawili watatu, hana haraka. Haanzi na maneno mabaya. Anaanza na chakula. Sisi katika mahubiri ya nyumbani tunawaambia mabinti wajiheshimu, wasipende mali, wasifuate nywele na simu za wenzao. Maneno mazuri. Lakini yule mama wa kaye haoni binti anayetaka simu. Anaona binti ambaye hajala tangu jana, na kwa macho yake kopo la unga la deni ndilo linalosimama kati ya binti yule na gari. Kazi ile anaifanya peke yake, kwa feza yake ya biashara, na mtaji wake unakula hasara. Hakuna kikundi kilichomshukuru.

Na tuseme pia vitambaa vya mwezi, maana tuko wanawake kwa wanawake. Pakiti moja inagombana na chakula cha siku mbili. Mabinti watatu walituambia bila haya kwamba juma lile wanachagua, na wakichagua pakiti wanakula kidogo, na wakichagua chakula hawaendi kusoma siku mbili. Baba wa nyumba hataweka jambo hili katika hesabu kama hatumwambii. Tumwambie.

Wazee wetu wa Gécamines hawakuijua shida hii. Wengi wetu ni watoto wa Shituru na wa kambi, tunakumbuka unga uliokuwa unapimwa na kugawanywa kwa hesabu ya watoto. Hata siku yenyewe tuliipa jina la chakula: siku ya posho. Kazi ile ilipoanguka miaka ya 1990, jina lilibaki na mfuko ukaisha. Tulizungumza juu ya jambo hili katika gari wakati wa kurudi, na ndipo wazo lilipozaliwa, pamoja na ugomvi kidogo.

Wamama wawili walisema: tuendelee kutuma feza, mtoto mkubwa ajifunze kutumia. Wengine walisema: tutume unga. Wa kwanza waliuliza vizuri: unga utawekwa wapi, kama mfuko katika chumba ni mfuko wa watu wote? Tulibishana mpaka karibu na peaji. Kisha yule mama aliyemkasirikia binti yake ndiye aliyesema: mfuko usiende chumbani. Uende kwa mama wa kaye. Abaki nao katika kibanda chake, mtoto aje achukue kopo moja moja, kama anavyofanya sasa, ila kopo liwe limekwisha kulipwa. Mtoto hataaibika mbele ya wenzake, panya hawataula, na mama muuzaji atapata ushuru wake mdogo juu ya kila mfuko, maana si haki afanye kazi ya bure.

Tulimpigia simu kesho yake. Alicheka sana, akauliza kama sisi wa Likasi tuna wazimu, kisha akakubali kujaribu na mifuko mitatu. Aliweka sharti moja: tusimtumie unga wenye wadudu. Anataka pia jina la kila mtoto liandikwe na mama yake mwenyewe katika kaye mpya, pamoja na makopo anayoruhusiwa kwa juma, ili asigombane na mtu.

Tumekubaliana kuanza kama likelemba. Mama tisa wenye watoto Kasapa, kila mwezi mifuko mitatu ya kilo 25 kwa zamu, pamoja na karanga zilizotwangwa, maana karanga hazitaki makala: zinatiwa katika mboga dakika ya mwisho, na zinampa mtoto nguvu ambayo maharagi yangempa. Asiye na mtoto chuoni anaweza kuchangia pakiti za vitambaa. Wawili wamekwisha kujitolea. Tutaona baada ya miezi mitatu kama hesabu inasimama. Kama haisimami tutaandika hapa hapa kwamba haikusimama.

Mama mwenye mtoto Kasapa ambaye jina lake halijaandikwa aje siku ya tatu mangaribi, baada ya kushona, nyumbani kwa mwandishi wa kikundi. Alete jina la mtoto, mwaka anaosoma, na kartie anayolala. Mifuko ichambuliwe mbele ya kuletwa. Kaye mpya tumekwisha kuinunua, ya kurasa 96, na kifuniko chake ni cha bluu.